Wingi wa Vyombo na Kazi ya Kuchagua

Uhaba humjaribu mtu, na wingi humjaribu vile vile. Mwenye njaa hujaribiwa kwa kukosa chakula. Aliyealikwa karamuni hujaribiwa kwa kutojua mkono wake uanze sahani ipi na ukome wapi. Jaribio la kwanza linajulikana na wote kwa sababu linauma. Jaribio la pili halijulikani sana kwa sababu lina sura ya neema. Katika insha hii tutalitazama hilo la pili, na mfano wetu utakuwa kazi inayopendwa na vijana wengi wa siku hizi, yaani kutengeneza muziki kwa kompyuta.

Kwanza na tueleze chombo chenyewe. Atengenezaye muziki kwa kompyuta hutumia programu moja kubwa ya kurekodi na kupanga sauti. Ndani ya programu hiyo huweza kupachika programu nyingine ndogo ndogo ziitwazo plagini, na kila plagini ina kazi yake. Iko ekwalaiza, ambayo hupandisha au kushusha sehemu nene na sehemu nyembamba za sauti. Iko kompresa, ambayo hupunguza tofauti iliyopo baina ya sauti kubwa na sauti ndogo, ili mwimbaji anayenong'ona na kupaza sauti katika ubeti mmoja asikike vizuri pote. Iko nyingine iongezayo mwangwi, hata sauti iliyorekodiwa katika chumba cha kulala ikasikika kama iliyoimbwa katika ukumbi mkubwa. Ziko pia plagini ambazo ni ala kamili, kama vile piano, ngoma na tarumbeta.

Zamani kazi hizi zilifanywa na mashine nzito za bei kubwa, zilizokaa katika studio chache. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa utaratibu uitwao VST, wa kupachika plagini ndani ya programu yake ya Cubase. Na utaratibu huo ukawa wazi kwa waandishi wengine wa programu. Mwaka 1999 ulipanuliwa ukapokea na ala. Tangu hapo mlango haujafungwa. Leo plagini ni maelfu. Nyingine huuzwa, nyingine hutolewa bure. Tena nyingi huiga mashine zile zile za kale. Kompresa iitwayo 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam huko Marekani katika miaka ya 1960, imeigwa na kampuni nyingi, hata mnunuzi hujikuta ametakiwa kuchagua baina ya pacha na pacha.

Tusiwe wepesi wa kuulaani wingi huu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay, India, ili nyimbo zao zitiwe katika sahani za santuri. Leo kijana wa Lamu au wa Kakamega mwenye kompyuta iliyokwisha tumika huweza kurekodi wimbo wake bila kuvuka hata mto. Vyombo ambavyo zamani havikununuliwa ila na matajiri sasa vimo mkononi mwa mtoto wa mkulima. Jambo hili ni la haki, na mtu asiyelifurahia hajui uchungu wa kipawa kilichokufa kwa kukosa nyenzo.

Walakini kila neema ina deni lake, na deni la wingi ni kazi ya kuchagua. Mtazame kijana aketiye usiku kutengeneza wimbo wake. Sauti ya mwimbaji imekwisha rekodiwa, nayo ni nzuri. Anaweka kompresa ya kwanza, anasikiliza, anaitoa. Anaweka ya pili, anasikiliza, anairudia ya kwanza. Anakumbuka kwamba iko ya tatu aliyoisikia ikisifiwa. Majogoo huwika wimbo ukiwa pale pale. Wahenga wa nchi hii walisimulia habari za fisi aliyefika njia panda, akanusa harufu ya nyama katika njia zote mbili. Hakutaka kuikosa hata moja, akatupa miguu huku na huku mpaka akapasuka. Fisi alikuwa na njia mbili tu. Kijana wetu ana mia mbili.

Hasara yake ni ya namna tatu. Ya kwanza ni wakati, ambao ukipita haurudi. Ya pili ni ya sikio. Sikio la binadamu huchoka, tena hudanganyika. Ikiwa sauti moja itachezwa mara mbili, na mara ya pili iongezwe ukubwa kidogo tu, wasikilizaji wengi watasema ya pili ni bora, ijapokuwa hakuna kilichobadilika ila ukubwa. Basi plagini iongezayo ukubwa kwa siri hushinda shindano bila ya kustahili, na hakimu hajui kwamba amehongwa. Hasara ya tatu ni ya moyo, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mwenye vitu vingi vya kuchagua hukitazama alichokichagua kwa jicho la mashaka. Kila kasoro ya kazi yake huisingizia chombo, na kila chombo asichonacho hukidhania kuwa ndicho kilichobeba ufundi anaoutafuta.

Je, ni wingi wenyewe unaodhuru? Mwaka 2000 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walichapisha habari za jaribio lililofanywa katika duka moja la vyakula huko California. Mara waliweka mezani aina 24 za jemu, mara aina 6. Meza ya aina 24 ilivuta watazamaji wengi zaidi. Lakini katika kila watu 100 waliosimama hapo, wapatao 3 tu walinunua. Katika meza ya aina 6, wapatao 30 katika kila 100 walinunua. Watu wengi walisoma habari hii wakakata shauri kwamba wingi ni adui. Lakini mwaka 2010 wataalamu wengine walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo, wakayapima pamoja, wakaona kwamba kwa jumla wingi haukuwa na dhara wala faida iliyo dhahiri. Mahali pengine ulidhuru, na mahali pengine ulisaidia. Jambo moja lililoelekea kuleta tofauti lilikuwa hili: kama mchaguzi alikuja akijua anachokitaka, au alikuja ili aambiwe na meza.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wingi haumpotezi mtu mwenye safari. Humpoteza aliyetoka nyumbani bila kujua aendako. Aliyesikiliza sauti yake akasema, "Maneno haya ya mwisho hayasikiki," amekwisha fanya nusu ya uchaguzi kabla ya kufungua orodha ya plagini, kwa kuwa sasa anatafuta dawa ya ugonjwa unaojulikana. Asiyesikiliza kitu huonja dawa zote za duka akitumaini kupona maradhi asiyoyajua jina.

Kuna atakayeuliza, "Lakini, Mwalimu, chombo kizuri si bora kuliko chombo kibaya? Mbona seremala huchagua randa yake kwa uangalifu?" Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa dharau. Methali yetu husema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo haikusema kwamba majembe yote ni sawa. Mkulima wa kweli hujua jembe la udongo mzito na jembe la udongo mwepesi. Lakini ujuzi huo ameupata shambani, katika kulima, wala hakuupata dukani katika kupapasa mipini. Methali humlaumu yule ambaye mvua zimenyesha, wenzake wamekwisha panda, naye angali akichagua. Kuchagua kwake kumekuwa mahali pa kujificha, kwa sababu dukani hakuna jasho, na jembe ambalo halijalima haliwezi kumwaibisha mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba uhaba peke yake hufundisha. Mwaka 1967 kundi la The Beatles lilitoa London sahani iitwayo Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyorekodiwa kwa mashine za kanda zenye nafasi nne tu. Nayo husifiwa mpaka leo. Wengine wengi walitumia mashine kama zile wakatoa kazi zilizosahauliwa. Nafasi nne hazikuwatungia watu hao nyimbo. Ziliwalazimisha kuamua mapema: sauti hizi mbili ziunganishwe sasa, kisha hakuna kuzitenganisha. Uhaba uliamuru kutoka nje; katika wingi, amri hiyo hiyo yapasa itoke ndani ya mtu mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu swali hili ni la tabia kuliko la muziki. Asiyeweza kujiwekea mpaka huomba awekewe na wengine, na wauzaji wako tayari daima kumchagulia.

Liko na jambo la uaminifu. Vijana wengine, kwa kukosa fedha, huchukua plagini za kuuzwa zilizovunjwa kufuli na wezi, wakajaza kompyuta yao vitu wasivyolipia na wasivyovitumia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda programu za kompyuta kama ilindavyo vitabu na nyimbo. Hata lau sheria ingenyamaza, mwanamuziki angepaswa kusikia aibu. Yeye hulia wimbo wake unaponakiliwa bila malipo. Basi aliyeandika plagini alifanya kazi kwa usiku wake kama yeye alivyofanya kwa usiku wake. Tena udhuru wa umaskini hapa ni dhaifu, kwa kuwa programu kubwa za kurekodi kwa kawaida huja na ekwalaiza, kompresa na mwangwi wake, na plagini njema za bure hazikosekani. Mara nyingi anayeiba katika jambo hili hakuongozwa na haja; ameongozwa na ile ile tamaa ya kutokosa chochote.

Basi kijana afanye nini? Kwanza, asikilize kabla ya kutafuta, na aseme kwa maneno yaliyo wazi ni kitu gani kimepungua katika kazi yake. Akishindwa kusema, asiguse chombo. Pili, achague chombo kimoja kwa kila kazi, akae nacho miezi kadhaa mpaka ajue kinachoweza na kisichoweza. Tatu, anapolinganisha viwili, asawazishe ukubwa wa sauti zake kwanza, ili hakimu asihongwe. Nne, ajiwekee mwisho wa kuchagua, na ukifika aendelee mbele na alichonacho. Kazi iliyokwisha, ijapokuwa na kasoro, humfundisha mwenyewe kuliko kazi kumi zilizosimama katikati.

Msomaji ambaye hana haja na muziki asidhani kwamba maneno haya si yake. Vitabu ni vingi kuliko miaka ya kuvisoma. Kazi ni nyingi kuliko maisha ya kuzifanya. Marafiki, habari na mashauri humiminika kwetu kila siku kama mvua za masika. Kuchagua kimoja ni kuagana na vingi, na kuagana kuna uchungu wake. Lakini mtu hakupewa maisha mia ili ajaribu njia mia. Amepewa moja, na njia huwa yake kwa kuitembea. Aogopaye kuacha kitu chochote hatashika kitu chochote kwa mikono miwili. Naye aliyejua kuacha kwa hiari hukishika alichonacho kwa nguvu zake zote, na kwa nguvu hizo kazi njema hutendeka.