Nani Ndiye Nunda? Suala la Maadili katika Usomaji wa Hadithi za Kutisha na za Ajabu

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hadithi fupi za kutisha na za ajabu zimejadiliwa zaidi kwa upande wa fani. Mhakiki huuliza jinsi jitu au jini anavyotumiwa kama ishara, na mbinu ambazo mwandishi amezitumia kuuvunja uhalisia. Swali la maadili halijapewa uzito wake: je, ni sawa mtu kusoma, na tena kwa kufurahia, masimulizi ya viumbe wala watu na ya nguvu zisizoonekana, ilhali anaishi mahali ambapo hofu iyo hiyo huua watu wa kweli?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuwarejelea wasomaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, yaani Mombasa ya ng'ambo ya kisiwa. Likoni inapakana na Kwale, na Kisauni iko njiani kuelekea Kilifi. Jamaa nyingi za huko zina makao mjini na shamba la urithi mashambani. Katika kaunti hizo mbili jirani wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na habari za mauaji hayo zimetangazwa kwa miaka mingi. Mvi zenyewe hufanywa ushahidi. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Likoni afunguapo kitabu cha hadithi za ajabu hasomi habari za nchi ya mbali. Yamkini bibi yake mwenyewe, huko mashambani, hulala kwa wasiwasi kwa sababu ya masimulizi yanayofanana na hayo.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni la kidini. Mzazi Mwislamu aweza kusema kuwa majini si jambo la mzaha: Kurani ina sura nzima, ya 72, iitwayo kwa jina lao, na kuwapo kwao ni sehemu ya itikadi. Mzazi Mkristo naye aweza kuchelea kwamba hadithi hizo zitamzoeza mtoto ushirikina. Pingamizi hili halifai kubezwa. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya fantasia, aliuegemeza utanzu huo juu ya kusita kwa msomaji, ambaye hajui kama tukio analolisoma laelezeka kwa kanuni za maumbile au latokana na nguvu zipitazo maumbile. Nadharia hiyo inachukulia kwamba msomaji huanzia katika dunia isiyo na majini. Msomaji wa Kisauni mara nyingi huanzia kwingine. Kwake yeye kuwapo kwa jini hakuleti kusita. Jambo la kusitiwa ni madai kwamba jini fulani ametumwa na mtu fulani. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo, maana mtu aweza kuamini mambo ya ghaibu maisha yake yote asimnyooshee jirani yake kidole.

Pingamizi la pili ni la kijamii, nalo ladai kwamba hofu isimuliwayo huzaa hofu itendwayo. Hapa historia ya Likoni yenyewe inatoa ushahidi mzito. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kupora bunduki. Katika machafuko yaliyofuata, watu zaidi ya 100 waliuawa Likoni na sehemu za Kwale, na wapatao 100,000 wakayakimbia makazi yao, wengi wao wakiwa wenye asili ya bara. Vijana walioshiriki walikuwa wamekusanywa katika msitu wa Kaya Bombo, wakalishwa viapo na kupewa kinga za kiganga zilizosemekana kuwa zingezuia risasi. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 na ambayo ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 2002, iliyachunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya kikabila nchini. Masimulizi ya mwili usiopenywa na risasi yangeweza kuwa kiini cha hadithi fupi nzuri. Likoni yaliaminiwa kama habari, na walioyaamini waliua na kuuawa.

Mapatano ya usimulizi

Je, ushahidi huo unazitia hatiani hadithi za kubuni? Ili kulijibu swali hili hapana budi kuutofautisha usimulizi na uvumi. Fanani wa pwani asemapo "paukwa", na hadhira ikaitikia "pakawa", pande mbili zimefanya mapatano. Zimekubaliana kwamba kwa muda huo mambo yatakwenda kwa masharti ya hadithi, na kwamba hakuna atakayeondoka hapo kwenda kumkamata mtu. Hadithi iliyoandikwa ina mapatano hayo hayo katika jalada lake, katika jina la mtunzi, na katika neno "hadithi" lenyewe. Uvumi hutumia malighafi ile ile, yaani kiumbe wa usiku, mtoto aliyefariki ghafla na chakula kilichotiwa kitu, lakini huishia kwenye jina la mtu mwenye nyumba na shamba. Kiapo cha mwaka 1997 nacho kiliyavunja mapatano kwa makusudi: waliokipanga walizichukua imani za watu na kuzielekeza dhidi ya majirani katika mwaka wa uchaguzi. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa na serikali ya kikoloni isiyoielewa sana jamii iliyoitawala, haikuishia kwa anayejidai kuwa na nguvu za uchawi. Ilimtia makosani pia anayemtuhumu mwenzake. Waliotunga sheria hiyo walitambua kwamba hatari huanza jina linapotajwa.

Hata hivyo, mapatano peke yake hayatoshi kuzitetea hadithi zote. Zipo ngano ambamo mwanamke mzee akaaye peke yake pembezoni mwa kijiji ndiye mchawi, na hakuna mhusika hata mmoja anayeuliza ni kwa nini anakaa peke yake. Ngano ya namna hiyo huuandalia uvumi sura ya kuvaa. Kusema kwamba "ni hadithi tu" hakuiondolei lawama. Lililo muhimu ni kuuliza hadithi inampa nani sura ya zimwi, na kama inamzoeza msomaji kuhakikisha au kuharakisha.

Nunda na jitu

Kipimo hicho chaweza kutumiwa katika hadithi mbili zilizo mbali kwa wakati. Ya kwanza ni ile ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili. Paka wa sultani anaanza kwa kumla ndama. Watu wanalalamika, na sultani anajibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake pia. Paka anaendelea kula wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, na mwenye paka anabaki na jibu lile lile mpaka wanawe mwenyewe wanapoliwa. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Kwa upande wa maadili, hadithi inamweka mla watu ndani ya jumba la mwenye mamlaka, chini ya ulinzi wake. Haimtafuti katika kibanda cha mnyonge.

Sehemu ya pili ya hadithi hiyo ina funzo lenye kina zaidi. Mtoto mdogo wa sultani anatoka kwenda kumwinda nunda, na kila amuuapo mnyama, akiwamo mbwa, ngawa, twiga na tembo, anamleta mjini kwa shangwe akidhani ndiye. Kila mara mama yake anamwambia kwamba siye. Mama hakatai kwamba nunda yuko. Anachokataa ni kwamba huyu aliyeletwa ndiye. Hilo linajibu pingamizi la kidini lililotajwa awali, kwani linaonyesha kwamba kumtetea aliyetuhumiwa hakumlazimu mtu kuikana imani yake. Ni kweli kwamba jibu la mama huja baada ya mnyama kuuawa, na hadithi haiwaombolezi wale waliokufa kwa makosa. Mhakiki wa leo hana budi kuliona pengo hilo, kwa kuwa katika Kilifi na Kwale waliochukua nafasi ya ngawa na twiga ni wazee.

Hadithi ya pili ni "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, iliyoupa jina mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016 na ambao ulitahiniwa katika kidato cha nne hadi mwaka 2022. Wakazi maskini wa Madongoporomoka wanatishiwa kupokonywa ardhi yao. Jitu laingia katika mkahawa wa Mago, lala chakula chote kilichopo na kuahidi kurudi; baadaye mabuldoza yafika. Msomaji wa Likoni hahitaji kuelezwa Madongoporomoka ni mahali gani. Ekari 930 za shamba la Waitiki, zilizovamiwa na maskwota katika machafuko ya mwaka 1997, zilibaki katika mgogoro mpaka serikali ilipozinunua na kuanza kutoa hatimiliki mwaka 2016.

Hapa hadithi na mauaji ya wazee vinakutana. Nyuma ya tuhuma nyingi za uchawi pana ardhi ya urithi: mzee anaiziba njia, na neno "mchawi" linaifungua. Uvumi basi huugeuza ukweli juu chini. Mwenye tumbo lisiloshiba ni yule aitakaye ardhi, lakini sura ya jitu anavikwa yule ambaye ardhi yake inaliwa. Hadithi za Steere na Mohamed huirudisha sura hiyo kwa mwenyewe.

Usomaji wa ishara na mipaka yake

Darasani hadithi kama hizo husomwa upesi kwa njia ya ishara. Mwanafunzi hufunzwa kuandika kwamba jitu linawakilisha uchu wa wanyakuzi wa ardhi, naye hupata alama zake. Jibu hilo ni sahihi, lakini likija mapema mno huiondoa hofu kabla haijafanya kazi. Mwanafunzi aliyejua tangu mstari wa kwanza kwamba jitu ni ubepari hakupata kuogopa, na asiyeogopa hakujifunza kuhoji akiwa katika hofu. Siku mtoto wa jamaa atakapofariki na minong'ono ikaanza kumzunguka nyanya, elimu ya ishara haitamfaa sana, kwa sababu minong'ono haiji ikiwa na orodha ya ishara. Itakuja kama hofu tupu. Usomaji unaofaa ni ule unaomwacha msomaji aogope kwanza, akiwa salama ndani ya mapatano ya hadithi, kisha umdai aulize kama aliyeletwa ndiye.

Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba kusoma hadithi za kutisha katika mazingira ya Likoni, Kisauni na Changamwe si kosa la kimaadili, na wala si starehe isiyo na wajibu. Hadithi hizo hutofautiana na uvumi kwa mapatano yanayoikinga hofu isimwangukie mtu mwenye jina, na hutofautiana zenyewe kwa zenyewe kulingana na yule zinayempa sura ya zimwi. Mwalimu na mhakiki wanapaswa kuzipima kwa vigezo vyote viwili. Mama wa hadithi ya Unguja alijibu kila mara mnyama akiwa amekwisha kufa. Msomaji aliyefunzwa vyema ana nafasi ya kulitoa jibu hilo mapema zaidi, wakati mtuhumiwa angali hai na watu wangali wanajadiliana barazani.