Mgeni Asiye na Jembe

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya Ujamaa, na sisi tuliosoma shule miaka iliyofuata tulikua nayo kama tulivyokua na uji wa asubuhi. Mimi nikawa mwalimu, nikawapa wengine methali ileile kwa miaka 31. Nakiri kwamba katika miaka yote hiyo sikujiuliza hata mara moja mgeni asiyeweza kuliinua hilo jembe afanywe nini. Nilikuja kujiuliza siku nilipokuwa mgeni wa namna hiyo mimi mwenyewe.

Mwaka 2017 nilikonda. Nilikuwa na kilo 62, na kabla mwaka haujaisha nikawa na kilo 44. Katika zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja, nilitibiwa malaria mara tatu, na mara ya nne nikaambiwa ni vidonda vya tumbo. Kikohozi changu hakuna aliyekiuliza. Hatimaye makohozi yalipimwa mahali pengine ikaonekana ni kifua kikuu. Ndugu msomaji, wewe unajua kwamba kwetu kukonda si habari ya mwili tu, ni mashtaka. Mtu akikutazama shingoni, kisha akatazama chini, ameshatoa hukumu. Nilipimwa na ule ugonjwa mwingine, kama wapimwavyo wagonjwa wote wa kifua kikuu, nikaonekana sina. Lakini je, cheti cha maabara mtu hukivaa shingoni akapita nacho sokoni?

Nilikwenda Galula kwa kaka yangu. Galula iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Ukitoka Mbeya unapita Mbalizi, kisha unashuka na barabara ya vumbi mpaka masikio yanaziba, na ubaridi wa juu unabaki kule juu. Mwaka mmoja tu kabla yake, yaani 2016, eneo lile lilikuwa limetoka Mkoa wa Mbeya na kuingia mkoa mpya wa Songwe, na wazee walikuwa bado wakisema wanakwenda "mkoani" wakiwa na maana ya Mbeya. Nilifika mwishoni mwa Novemba. Dawa nilikuwa nimeshaanza. Dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure, aina nne kwa miezi miwili, kisha aina mbili kwa miezi minne, na mgonjwa hupimwa uzito kila mara kama debe la mpunga.

Sasa Novemba na Desemba bondeni ni miezi ya jembe. Kaka, wifi yangu na watoto waliondoka alfajiri kwenda shambani, kwanza mahindi na mpunga, baadaye ufuta. Mimi nilibaki na kuku, na mlango wazi kwa ajili ya hewa, na kikombe changu peke yake juu ya dirisha. Hata baada ya mganga kusema siambukizi tena, kikombe kile nilikishikilia mwenyewe. Majuma matano ya kwanza sikutaka kitu. Chakula nilikula kama mtu alipaye deni. Sikulia, sikucheka, na nilidhani huo ndio uvumilivu.

Kitu cha kwanza nilichokitaka kilikuwa uzi. Binti wa kaka alikuwa na donge la uzi mweupe na sindano ya kroshia, ile yenye kikulabu mwishoni, alivyoviacha tangu alipomaliza darasa la saba. Nilifundishwa kazi ile nikiwa msichana, katika somo la sayansikimu, nikafuma vitambaa vya makochi kabla sijamiliki kochi. Unaanza na mnyororo mdogo, unaufunga duara, kisha duara linakua. Vidole vilikuwa vyembamba hata pete ilianguka, lakini vilikumbuka. Siku ile nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa nyumba, nami nilikuwa sijafikiri habari ya mapafu yangu tangu asubuhi.

Baada ya uzi vikaja vitabu. Katika sanduku la kaka mlikuwa na tafsiri mbili za Mwalimu, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Vyote viwili ni vya Shakespeare, na Mwalimu alivitafsiri huku akiendesha nchi, jambo ambalo hunishangaza mpaka leo. Humo nikakuta Kaizari anamwogopa Cassius kwa sababu amekonda mno, na tena anasoma sana. Nilicheka peke yangu! Nilikuwa na makosa yote mawili. Na katika Mabepari kuna Shylock adaiye ratili ya nyama ya mwili wa mtu. Nilipiga hesabu. Kilo 18 nilizopoteza ni kama ratili 40, na mizani ya zahanati ilinirudishia karibu ratili moja kwa juma. Nami sikuwa nimekopa kwa mtu yeyote.

Basi jioni moja mwezi Januari nilikuwa mkekani, kitabu mkononi, ninacheka kwa sauti, ghafla nikamwona wifi amesimama mlangoni. Matope yalimfika magotini. Jembe lilikuwa bado begani na kuni kichwani. Hakusema neno. Alitua kuni, akachukua sufuria niliyoacha haijaoshwa, akaenda nayo nyuma. Mimi nilikificha kile kitabu chini ya godoro kama mwanafunzi aliyekamatwa. Tangu siku ile, nikisikia hatua zao njiani, nilikuwa ninalala kifudifudi na kuanza kukohoa kidogo. Ndiyo, nilikohoa kwa makusudi. Naliandika hili kwa aibu, lakini nisipoliandika insha hii haina kazi.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Je, mtu anayelishwa kwa jasho la mwingine ana haki ya kufurahi kabla hajawa na nguvu za kufanya kazi? Kuumwa ana haki. Kupumzika pia, hakuna amkatazaye. Lakini kufurahi? Nilijiona mwizi, na kama wezi wengi nilitafuta maelezo.

Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba ninafanya kazi. Nilitangaza kwamba vitambaa vile nitaviuza, na kweli mwalimu mmoja alinunua seti moja kwa shilingi 15,000. Nikampa wifi fedha ile mbele ya watu, ili ionekane. Kuanzia hapo uzi ukanigeuka. Nikawa nahesabu mistari, nahesabu siku, nachukia mtoto akinisemesha. Kile kilichokuwa kikinisahaulisha mapafu sasa kilinikumbusha deni. Tena yalikuwa maelezo ya uongo. Uzi na nauli ya kuutafuta Mbalizi vilikula zaidi ya nusu ya fedha ile, na kama shida ilikuwa fedha, ningewasaidia zaidi kwa kukaa kimya na kutokula sukari.

Kuoka ndiko kulikoniharibia maelezo yale kabisa, kwa sababu kuoka ni hasara iliyo wazi. Mwezi Februari hamu ya chakula ilirudi kwa kishindo, nami nikatamani mkate, si ule wa dukani wenye kuja na gari la vumbi, bali mkate wa kutoka motoni. Tulikuwa hatuna tanuri. Nilichukua sufuria kubwa, nikatia mchanga chini, nikaweka sufuria ndogo yenye kinyunya ndani yake, nikafunika na bati na kupanga makaa juu. Mkate wa kwanza uliungua chini na katikati ukawa mbichi. Unga wa watu, hamira ya watu, mafuta na sukari ya watu! Wifi alirudi akakuta moshi umejaa ua. Alifunua, akatazama, akanitazama mimi niliyejaa majivu mpaka kwenye nyusi, akaketi chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Tulikwangua sehemu iliyoiva tukaila na chai. Mkate wa tatu ndio ulioiva vizuri, ukiwa umenyunyizwa ufuta wa msimu uliopita, nao haukufika asubuhi.

Usiku ule nilimwomba radhi kwa habari ya kitabu. Alikuwa ameshasahau, au alijifanya.

"Wifi," aliniambia, "ulipokuwa huli, huongei, unatazama ukuta, ndipo tulipochoka nawe. Siku ile nilikusikia kicheko tangu kule kwenye mwembe. Nilisimama pale mlangoni nikajiambia, huyu hafi."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa na njaa."

Msomaji angedhani swali limekwisha hapo, na mimi nilidhani hivyo kwa siku chache. Kicheko changu kilikuwa malipo kwao, basi tumelipana. Lakini sikukubaliana nalo moyoni. Kama furaha ya mgonjwa ni halali kwa sababu inawapendeza wanaomuuguza, basi mgonjwa asiye na wa kumsikiliza haimfai, na mwenye wauguzi wakali hana ruhusa nayo.

Maelezo yangu ya pili yalikuwa ya kitaalamu zaidi, kwamba mapumziko na raha ni sehemu ya tiba. Zamani waliamini hivyo. Kabla ya dawa kupatikana katika miaka ya 1940, wagonjwa wa kifua kikuu Ulaya walilazwa miezi na miaka kwenye majumba ya milimani, wamefunikwa mablanketi barazani, kazi yao ni kupumua. Kwetu Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 ikiwa nyumba ya namna hiyo. Lakini mwaka 1959 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Madras, India. Waganga waliwagawa wagonjwa maskini mafungu mawili. Wengine walilazwa na kupewa chakula kizuri na mapumziko, wengine walirudi kwenye vibanda vyao vilivyojaa watu, wakala kidogo na kutembea sana, wote kwa dawa zilezile. Mwisho wa mwaka walipona karibu sawasawa. Kilichoponya kilikuwa dawa. Habari hiyo ilibadili matibabu duniani, na ni njema sana kwa maskini. Mimi iliniondolea utetezi. Sindano ya kroshia haikuua kijidudu hata kimoja.

Wala sikuhitaji kwenda Madras kulijua hilo. Siku zangu za zahanati nilikuwa nikikaa benchi moja na mwanamke kijana, mama wa watoto wawili, ambaye alianza dawa juma lilelile nililoanza mimi. Hakuwa na kaka wala wifi. Alimeza vidonge saa kumi na moja alfajiri, akatapika siku nyingine, akaenda kulima kibarua. Akiniona na uzi wangu kwenye benchi alivutiwa, akaniomba nimfundishe. Alikuja nyumbani jioni mbili. Jioni ya pili alilala ameketi, sindano ikiwa kidoleni, mstari wa tatu haujafungwa. Wifi akamfunika khanga. Mizani ilimpandisha kama ilivyonipandisha mimi, au pungufu kidogo. Mwezi Mei tuliambiwa sote tumepona. Mimi nilikuwa na kilo 56.

Siku ile ya mwisho tulitembea pamoja njiani. Mtoto wa kaka, ambaye ana ulimi, alitukuta akasema sasa shangazi hawatamchimba tena. Utani wake ulihusu wale wataalamu wa mifupa ya kale, kwa maana jina la Galula linajulikana mbali kwa miamba yake. Mwaka 2014 walitangaza mjusi mkubwa mno aliyepatikana eneo letu la Songwe, wakampa jina Rukwatitan, na jina lake la pili kwa Kilatini lina maana ya aliyezikwa mara mbili. Mimi nilipokuwa na kilo 44 mtoto yule alisema wakinipita watanichukua. Jirani yangu alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kitu ambacho nimekuwa nikikitafuna tangu wakati ule.

"Mwalimu, wewe ulipumzika, mimi nililima, na tumepona sote. Sasa zile siku zako zote, ulipata nini?"

Hakuuliza kwa kijicho. Aliuliza kama mtu aulizaye bei ya kitu asichokijua. Nilifungua mdomo nikitaka kusema afya, nikakumbuka kwamba anayo. Nilitaka kusema fedha, nayo ilikuwa shilingi 15,000. Nikamjibu ukweli, kwamba nilipata kufuma vitambaa sita, kuoka mikate ambayo mingine iliungua, na kusoma vitabu viwili, na kwamba nilifurahi. Nilipolitamka neno hilo nililiona dogo, na wakati huohuo sikuwa tayari kulibadilisha kwa jingine. Haikuwa mshahara, haikuwa dawa. Ilikuwa yangu kwa sababu tu nilikuwa hai na mtu mwingine alikuwa analima. Yeye pia alikuwa hai.

"Vilikuwa na nini hivyo vitabu?" akauliza.

Ufuta ulikuwa umeshavunwa. Kesho yake nilikwenda kwake na mkate, nikamkuta anapepeta ufuta wa mtu kwa ungo, kwa ujira. Nilishika ungo wa pili, maana sasa niliweza. Nikaanza kumsimulia juu ya Shylock na ile ratili ya nyama. Mikono yake haikusimama mpaka tulipofika mahakamani, pale Portia anapomwambia mdai akate nyama lakini asimwage damu hata tone. Hapo aliuweka ungo magotini.

"Aliwahi kupewa fedha zake akakataa?"

"Alipewa mara mbili zaidi."

"Basi hakutaka kulipwa huyo," alisema. Akafikiri, mapepe ya ufuta yakiwa yamemshika kwenye nywele. "Rudi nyuma, mwalimu. Anza pale walipoandikiana mkataba. Pale sikukusikiliza vizuri, nilikuwa nahesabu madebe."