Kumsikiliza Mwenzio Hata Amalize

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Enyi ndugu zetu, kila ukaribiapo uchaguzi twaona katika miji yetu jambo la kuhuzunisha. Watu waliosoma chuo kimoja na kuswali safu moja hupitana njiani bila ya salamu, kwa kuwa huyu ni wa chama hiki na yule ni wa kile. Barazani hapana mazungumzo tena, ila makelele: kila mmoja asema, wala hapana asikilizaye. Wako walioacha hata kwenda kumzika jirani. Je, haya ndiyo tuliyofundishwa?

Natutazame mwendo wa Mtume (S.A.W.). Huko Makka, Utba bin Rabia, mkubwa katika Makureshi, alimwendea ili amshawishi aache mwito wake. Akamwahidi mali, ukubwa na ufalme. Na mwisho akamwambia kuwa, ikiwa ameingiliwa na pepo, watamtafutia tabibu. Maneno mazito kuambiwa Mtume wa Mungu! Walakini hakumkata kauli. Alimsikiliza hata mwisho, akamuuliza kama amekwisha sema; na alipojibu kuwa amekwisha, ndipo naye akamtaka amsikilize, akamsomea Sura ya Fussilat mpaka penye sijida. Utba hakusilimu, lakini alirudi kwa wenziwe na uso usiokuwa ule aliokwenda nao, akawashauri wamwache Mtume na jambo lake.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, kumsikiliza mtu si kumkubali. Pili, amsikilizaye mwenziwe ndiye apataye kusikilizwa.

Huenda mtu akasema kuwa siasa si mahali pa adabu hizi. Nasi twamkumbusha yaliyotupata Kenya baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Njia ya kutoka katika fitina ile haikupatikana kwa panga, bali kwa wapinzani kuketi meza moja mjini Nairobi, Kofi Annan akiwasuluhisha, hata Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008. Lau wangaliketi kabla ya damu kumwagika, wangapi wangalikuwa hai leo!

Nasi tuandikao haya hatujitoi lawamani. Mara ngapi tumemjibu mtu kabla hajamaliza neno lake, kwa kudhani kuwa elimu yetu yatosha! Twamuomba Mungu msamaha.

Mtume amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akabainisha kuwa mbora wa wawili hao ni yule aanzaye kutoa salamu. Basi usingoje uchaguzi upite. Mwendee uliyemhama, mpe salamu, mwache aseme hata amalize, kisha nawe useme. Mkitafautiana baada ya hapo, tafautianeni hali ya kuwa ndugu.

Wabillahi tawfiq.