Sheria ya Barabarani na Moyo wa Dereva

Wako watu wasemao kwamba adhabu haimfanyi mtu kuwa mwema. Humfanya mwoga tu. Kwa hiyo, kuwatoza faini madereva wa mijini ni kazi bure, maana upaswao kufunzwa ni moyo. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Mtoto avukaye barabara akienda shuleni hawezi kungoja mpaka moyo wa dereva uongoke. Motokaa ikienda mwendo maradufu, breki huhitaji nafasi mara nne ili kuisimamisha, na breki hazijui nia njema ya mtu. Ndiyo sababu sheria ya Kenya imeweka mwisho wa mwendo mijini kuwa kilomita 50 kwa saa.

Tena tumekwisha kuona faida ya ukali. Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri John Michuki: mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare kwa dereva na utingo, na abiria wasiozidi viti. Wenye matatu wakagoma, watu wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu; serikali haikurudi nyuma, na matatu zikatii. Mioyo ya madereva haikuongoka siku ile, lakini mikono yao ilianza kujifunza.

Basi, mbona Novemba 2018 serikali ililazimika kuanza msako upya kwa kanuni zile zile? Kwa sababu ukali ulikuwa wa msimu. Askari apokeaye noti iliyokunjwa humfundisha dereva kwamba sheria ina bei. Hapo adhabu haimfanyi mtu mwema wala mwoga, humfanya mjanja.

Walakini tusimlaumu askari peke yake. Mwenye gari adaiye mapato makubwa mno kila jioni, na abiria amhimizaye dereva aongeze mwendo kwa kuwa yeye amechelewa, nao wameshika usukani.

Twasema basi: sheria na iwe kali, lakini zaidi ya hayo iwe ile ile kila siku, kwa gari la mkubwa na kwa matatu. Mazoea ya kutii ndiyo mwanzo wa adabu. Na mtoto amwonaye baba yake akisimama penye taa nyekundu usiku, pasipo askari, amekwisha kupata somo ambalo faini haiwezi kulitoa.