Diski Haiwezi Kukusaliti

Ingia duka lolote la kompyuta Luthuli ama Moi Avenue, shika diski, uulize kama inaaminika. "Sana, boss." Sijawahi kusikia jibu jingine. Na hilo neno limenikaa kichwani kwa muda, kwa sababu naona tunakitwisha kitu mzigo usio wake.

Naishi Mukuru kwa Reuben, keja ya mabati, naandikia watu makala na kulipwa kwa kila moja. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo falsafa niliyo nayo ni ya kujisomea usiku. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba. Stima ya huku inashuka jioni kila mtu akiwasha koili, inapotea, halafu inarudi kwa kishindo. Diski ya sahani, ile ya kawaida ya mezani, huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani bila kuigusa. Ukiigonga ikiwa inazunguka, umeitafutia kifo. SSD haina kinachozunguka, ina kasi, haiogopi kugongwa sana, lakini ikifa mara nyingi hufa kimya, bila ule mlio wa tik tik unaokupa nafasi ya kuokoa vitu. Fundi atakuambia uweke mfumo wa kompyuta kwa SSD ndogo, mafaili kwa ile ya sahani, na ununue UPS ukipata pesa. Ni ushauri mzuri, ufuate.

Lakini hata ukiufuata, hakuna diski utakayonunua ukajua itakufa lini. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu, imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake tangu 2013. Miaka ya karibuni, kwa wastani, inayokufa ni kama moja au mbili katika kila mia kwa mwaka. Watafiti wa Google nao mwaka 2007 walitoa matokeo ya diski zaidi ya laki moja: zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata dalili moja katika vipimo vinne vinavyotegemewa zaidi kutoa onyo. Hizo hesabu ni za umati. Mwenye diski elfu anaweza kupanga bajeti ya mazishi. Mimi nina moja.

Mwaka 1986 mwanafalsafa Annette Baier, mzaliwa wa New Zealand, aliandika kwamba kutegemea si sawa na kuamini. Mfano wake ni majirani wa Kant, mzee aliyekuwa na ratiba kali hata watu wakamtumia kama saa. Siku moja akilala kupita kiasi, majirani watavurugikiwa, lakini hawawezi kusema amewasaliti. Hakuwaahidi kitu. Kiswahili kinalijua hili siku nyingi: ukuta unaegemewa, unategemewa, lakini ukisema ukuta ni mwaminifu, watu watacheka. Diski ni ukuta. Anayeweza kukusaliti ni mtu.

Mtu wa kwanza ni muuzaji. Diski huhesabu yenyewe masaa iliyofanya kazi, na hiyo hesabu inaweza kurudishwa sufuri. Mapema 2025, wanahabari wa Ujerumani walifichua kwamba diski za Seagate zilizokuwa zimetumika maelfu ya masaa zilikuwa zikiuzwa madukani kama mpya, mita zake zimefutwa. Waliozinunua hawakuumizwa na chuma. Na kuna wauzaji ambao labda walidanganywa pia, wakapitisha walichopewa. Je, huyo ni mwongo? Mimi nasema uongo wake uko kwa lile "sana," kuapia kitu ambacho hajakikagua. Ya mwisho niliyonunua niliuziwa na kijana aliyeichomeka mbele yangu, akafungua programu ya kukagua, akanionyesha masaa 31,000. "Hii imekesha miaka mitatu na nusu, bro. Nakupa wiki mbili uijaribu, ikisumbua rudisha." Marafiki waliniona mjinga kununua mzee. Lakini huyo kijana ndiye muuzaji pekee siku hiyo aliyeniambia kitu ningeweza kukihakikisha.

Mtu wa pili ni mimi, na hapa ndipo pagumu.

Kwa ploti yetu, kompyuta yangu ni kabati ya watu wengi. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, na matingatinga yaliyofuata kando ya Mto Ngong, watu walijua karatasi ni kitu cha kupotea. Nimewekewa picha za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya KCSE. Jirani mmoja alileta simu iliyopasuka kioo, ina picha za marehemu mumewe, na hazipo kwingine. "Weka kwa hiyo yako, kijana wangu. Huko hazitapotea."

Yeye hajui Toshiba wala Western Digital. Aliniamini mimi. Kwa hivyo swali la diski gani bora likageuka: nina haki ya kupokea picha hizo nikiwa na diski moja? Ni rahisi kusema nunua mbili. Mbili ni kodi ya mwezi kwa wengine hapa. Na mbili ndani ya chumba kimoja cha mabati ni kama moja, kwa sababu moto ukianza huku hauulizi nakala ni ya ngapi. Google Drive ipo, ila video za harusi zinakula bando mpaka unashika kichwa.

Kuna anayeona heshima ni kukataa: kama huwezi kulinda, usipokee. Nimeifikiria hiyo na siikubali. Ukikataa, mikono yako inabaki safi, na picha zinabaki kwa simu iliyopasuka. Lakini kupokea kimya, ukimwacha aamini kwamba mashine haifi, huko ni kumwambia "sana, boss" bila kufungua mdomo.

Nikamwambia, "Mama, hii nayo siku moja itakufa, na haitanipigia simu kwanza."

Akacheka. "Kwani ni nani hafi? Wewe niambie tufanye nini."

Tulinunua flashi, tukagawana bei. Picha 212, na video moja ya dakika mbili ambayo sikuifungua. Aliifunga flashi kwa karatasi ya nailoni, akaitia ndani ya pakiti ya unga iliyoisha, na Ijumaa ikapanda basi la Kitui kwa dada yake.