Kikombe kilichobaki nusu

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Arusha hukusanya watu wa kila namna. Tunabishana juu ya mpira, bei ya mahindi, dini na siasa, na ubishi ukiisha kila mtu hulipia kikombe chake, au cha mwenzake, akaenda zake. Nimekipenda kwa sababu hakuna anayeulizwa kwao ni wapi kabla ya kupishwa kwenye benchi.

Jioni moja mazungumzo yaligeukia ugomvi wa mashamba. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, ambaye nilipofiwa alikesha nami matangani, alilitaja kabila fulani, akasema, "Wale ni kupe. Na kupe habembelezwi, hung'olewa." Wawili watatu wakacheka. Kijana mmoja wa kabila hilo, ambaye hukaa nasi karibu kila siku, alikiweka chini kikombe chake kikiwa nusu, akalipa, akaaga kwa adabu, akaondoka. Tulikuwa tumekaa naye bega kwa bega. Sikusema kitu.

Usiku ule nilijitetea moyoni. Nilijiambia kwamba mzee ana haki ya maoni yake, kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, kwamba kuvumiliana ndiko kunakotuwezesha kuishi pamoja. Hoja zote zilikuwa na sura nzuri, lakini kila nilipofumba macho nilikiona kile kikombe.

Je, uvumilivu wetu umfikie hata yule asiyetaka kuwavumilia wenzake? Mwanafalsafa Karl Popper, mzaliwa wa Vienna aliyehamia New Zealand mwaka 1937, mwaka mmoja kabla Wanazi hawajaitwaa Austria, aliligusa swali hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1945. Alionya kwamba uvumilivu usio na mpaka hujimaliza wenyewe, kwa kuwa wasiovumilia wakipewa nafasi yote watawafuta wanaovumilia. Wengi wanaomtaja huishia hapo. Lakini Popper hakusema tukimbilie kuwafunga watu midomo. Alisema maadamu tunaweza kuwajibu kwa hoja, na jamii ikawa macho, kuwazuia kwa nguvu si busara. Nguvu aliiacha kwa wale wanaokataa kusikiliza hoja na wanaowafundisha wafuasi wao kuijibu kwa ngumi na bastola.

Sisi wa Arusha hatuhitaji kwenda Vienna kutafuta mfano. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa katika mji wetu huu, ndani ya jengo la mikutano la AICC tunalolipita kila siku, hadi ilipofunga shughuli zake mwishoni mwa 2015. Humo ndimo ilimosikilizwa kesi ya vyombo vya habari, iliyohusu redio RTLM na gazeti la Kangura. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipendwa kwa muziki na mazungumzo ya kuchekesha, na katikati ya vicheko hivyo Watutsi wakawa wanaitwa mende. Aprili 1994 mauaji yalipoanza, redio hiyohiyo ilisoma hewani majina ya watu na mahali walipo. Katika siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000 au zaidi.

Desemba 2003 mahakama iliwatia hatiani washtakiwa watatu wa kesi hiyo, Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, ingawa wote watatu walibaki na hatia. Jambo moja katika hukumu ile ya rufaa limenikaa moyoni. Majaji walikubali kwamba matangazo ya RTLM kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, yaani kabla mauaji hayajaanza, yalichochea chuki ya kikabila, lakini hawakuona kuwa imethibitika kwamba yaliwaita watu moja kwa moja kwenda kuua. Kwa upande wa redio hiyo, hatia ya uchochezi wa moja kwa moja ilitokana na yaliyotangazwa baada ya hapo.

Naona majaji walifanya sawa kuuchora mstari huo kwa uangalifu. Tukiipa serikali yoyote ruhusa ya kuliita kila neno kali uchochezi, watakaonyamazishwa kwanza ni wanyonge wanaolalamika. Sheria ingoje mpaka neno linyanyue panga. Lakini miezi ile yote kabla ya panga, wakati jirani anaitwa mende na watu wanacheka, kazi ni ya nani? Hakuna jaji wala polisi hapo. Yupo msikilizaji tu, na yule aliyekaa naye kwenye benchi moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa namna hii huzibwa na walio karibu nao.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwa mzee. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwambia kwamba neno la jana limeniumiza. Nilitegemea atakasirika. Badala yake alinitazama kwa mshangao, akasema, "Mbona hukuniambia palepale, mwanangu? Uliponyamaza nilijua tuko pamoja."

Sijapata kuambiwa neno zito kuliko hilo. Nilikuwa nimeuita ukimya wangu uvumilivu. Yeye, kwa haki kabisa, aliupokea kama kura ya kumuunga mkono. Naye kijana aliupokea vivyo hivyo.

Kwa hiyo nitamvumilia mzee wangu. Sitamfukuza kijiweni wala kumnyima salamu, na malalamiko yake kuhusu mashamba nitayasikiliza, maana huenda yana ukweli ndani yake. Lakini kumvumilia kunanidai nimjibu, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika. Mtu akimwita mwenzake kupe, lazima awepo wa kusema palepale, "Hapana mzee wangu, yule ni mtu." Jioni ya siku ile niliyomtembelea nilirudi kijiweni nikalisema hilo mbele ya wote, mzee akiwepo. Tulibishana mpaka magharibi. Msimamo wake kuhusu mashamba haujabadilika, ila lile neno hajalirudia.

Kijana hajarudi. Nilimtafuta, nikamkuta anakunywa kahawa mtaa wa pili, nikamwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia kikombe, akasema hana kinyongo. Namwamini. Lakini mzee aliweza kungoja jibu langu hadi kesho yake. Kijana alilihitaji jioni ileile, kabla hajakiweka kikombe chini.