Watoto wa Mkondo wa Mchana

Aliyesoma skuli za serikali Unguja hahitaji kuelezwa mkondo wa mchana ni kitu gani. Mimi niliusoma miaka yangu ya msingi. Tukiingia darasani, bati limeshashika moto tangu asubuhi na mwalimu ameshachoka, maana baadhi ya walimu walifundisha mikondo yote miwili, wa asubuhi na wa mchana. Ubaoni hesabu za darasa lililotangulia zilikuwa hazijafutika sawasawa. Ndani ya deski nilikuta maganda ya njugu ya mtoto ambaye sikumjua hata jina, ingawa mwaka mzima tulikalia kiti kimoja.

Baba hakulipa ada, na hilo silisahau. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabika, na mtoto wa mkulima wa Makunduchi au Mkokotoni alizisikia kwa masikio tu. Iliyokuwa skuli ya King George VI ikaitwa Lumumba, na watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu wakaingia humo kwa haki yao. Katika yote yaliyofanywa na Mapinduzi, mimi hili naliweka mbele.

Tatizo ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa wote, na wote wakaja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima; ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu milioni kwa miaka kumi, na wengi wamejaa Mkoa wa Mjini Magharibi. Madarasa, tangu zamani, hayakuongezeka kwa kasi ya watu. Kwa hivyo chumba kimoja kikapewa watoto wa asubuhi na watoto wa mchana, mambo yakaenda. Ilikuwa njia ya kuvukia shida. Lakini sisi ni watu wa kuzoea, na tulipozoea tukaacha kuuliza mtoto anapoteza nini.

Anapoteza saa. Mtoto wa hapa ana skuli mbili, ya serikali na chuo cha Qur'ani, na hakuna mzazi ninayemjua aliye tayari kuiacha moja. Wa mkondo wa mchana huamka alfajiri akaenda chuoni na juzuu lake, akarudi kuoga, akala harakaharaka, akavaa sare, akatoka jua la utosini. Anaporudi jioni kazi ya nyumbani inamsubiri, na kabla ya Isha kichwa kimeshaangukia daftari. Wa asubuhi ana nafuu ya jua tu, kwani vipindi vyake pia vimekatwa ili wenzake waingie. Na kuanzia Sera ya Elimu ya 2006 iliyotaka hesabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, kipindi hicho kifupi kikagawanywa tena: mwalimu asome kwa Kiingereza, kisha arudie kwa Kiswahili ili aeleweke. Kengele inalia somo likiwa nusu.

Mwenye nacho huzinunua saa hizo. Michango ya wazazi ilifutwa, kwanza msingi mwaka 2015, kisha sekondari 2018, na ilikuwa sawa kabisa kuifuta. Ila tuisheni haikufutwa, na haiwezi kufutwa maadamu somo halimaliziki darasani. Jirani yangu mmoja huku Ng'ambo hupika maandazi na kaimati tangu usiku. Nimemwona akigawa fedha za mauzo mafungu mafungu juu ya jamvi: unga, mafuta, mkaa, na fungu dogo la tuisheni ya binti yake wa kidato cha tatu. Siku biashara ikilala, fungu linalovunjwa ni hilo. Binti hubaki nyumbani siku hiyo, wenzake wakasonga mbele mada moja. Huyu mama anaambiwa anasomesha bure.

Sasa tunajenga. Tangu 2021, kwa fedha za Ahueni ya UVIKO-19 na nyengine, serikali ya Dk. Hussein Mwinyi imeinua skuli za ghorofa mjini na shamba, na makusudio yanayotajwa ni kuondosha mikondo miwili. Nafurahi kwa moyo wote nikipita nikaziona. Kilichobaki kunisumbua ni hesabu ambayo siisikii kwenye uzinduzi. Mwalimu aliyefundisha darasa la nne asubuhi na darasa jengine mchana alikuwa walimu wawili kwa mshahara mmoja. Siku watoto wote watakapoingia asubuhi, atakuwa wa chumba kimoja tu. Chumba cha pili, chenye deski jipya na rangi mbichi, kitataka mwalimu wake, na huyo haji na mkandarasi.

Shamba hali ni nyengine, na ningekuwa na nafasi ningeiandikia peke yake. Nungwi na Paje hoteli ziko karibu zaidi na kijana kuliko maabara. Mvulana akiona mwaka umepita bila mwalimu wa fizikia, humfuata mjomba dago, kambini kwa wavuvi, au akashuka ufukweni kutafuta wageni, na mimi siwezi kumwita mvivu.

Ndiyo maana naomba jambo moja kwa wakubwa wetu wa Wizara ya Elimu. Kila Septemba tunapoadhimisha elimu bila malipo, pamoja na gwaride la wanafunzi na hotuba, isomwe mbele ya wazazi orodha ya skuli zilizobaki na mikondo miwili, mkoa kwa mkoa, na mbele ya kila skuli iliyounganisha mikondo itajwe idadi ya walimu iliyonao sasa na iliyokuwa nao kabla. Itundikwe pia kwenye ubao wa matangazo wa kila shehia, yule mama wa maandazi aisome akipita kwenda sokoni.